Uchambuzi wa violezo vya LibreOffice Calc: kitabu cha mapokezi ya asali, Tabora

Watazamaji wangu, karibuni. Nipo hapa Tabora mjini, katika ghala la kikundi chetu cha wafugaji wa nyuki, na leo ninachambua sehemu moja tu ya LibreOffice Calc, programu ya kutengenezea majedwali ya hesabu, nayo ni violezo, yaani lahajedwali (faili la jedwali la hesabu) unalolitengeneza mara moja na kulitumia kila mwezi bila kuligusa lile la asili.

Msimu uliopita nilifungua faili la mwezi wa tano, nikafuta takwimu zake ili niandike za mwezi wa sita, kisha kwa mazoea nikabonyeza kuhifadhi. Mapokezi ya mwezi mzima yakapotea, na ikatubidi tuyaandike upya kutoka kwenye daftari, ndoo kwa ndoo. Kiolezo huzuia jambo hilo. Ukishahifadhi kazi yako kupitia menyu ya faili, sehemu ya violezo, Calc huiweka kama faili la aina ya .ots, na kila unapokifungua hukupa nakala mpya isiyo na jina. Excel, programu kama hiyo ya Microsoft, nayo hufanya hivyo kwa faili la .xltx, ila Calc haidai malipo, na kwa kikundi kama chetu hilo ni jambo kubwa.

Sasa tazameni hapa kwenye skrini. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali huwa na uzito wa karibu kilo 28, kwa sababu lita moja ni takribani kilo 1.4, ingawa asali yenye maji mengi huwa nyepesi kidogo. Wengi huiandika hiyo 1.4 ndani ya fomula yenyewe, na siku wanapotaka kuibadilisha hulazimika kupekua mistari yote. Mimi nimeiweka peke yake kwenye seli, yaani kisanduku, ya B3, na safu ya kilo inasomeka =IF(C8="";"";C8*$B$3), C8 ikiwa seli ya lita. Alama za dola huifanya fomula iendelee kuitazama B3 hata ikinakiliwa mistari 300 kwenda chini, na zile nukuu tupu huuacha mstari ukiwa mweupe mpaka lita ziandikwe. Bei ya kilo na jina la mwezi nimevipa seli zao vivyo hivyo.

Safu ya mizani, ambamo kilo zilizopimwa huandikwa kwa mkono, nimeiwekea masharti: haipokei namba iliyozidi 35. Mtunza ghala wetu aliwahi kuandika 275 akikusudia 27.5, na jumla ya siku ile ikatusumbua hadi jioni. Leo angekataliwa papo hapo. Lakini mjue kwamba masharti haya hukagua kinachochapwa kwa kibodi, wala hayaizuii data iliyonakiliwa kutoka faili jingine na kubandikwa. Kwa majina ya vijiji nimeweka orodha ya kuchagua, ili kijiji kimoja kisiandikwe kwa namna tatu.

Kuhusu kufunga seli, yaani kuzizuia zisibadilishwe, hapa ndipo wengi hukwama. Tangu mwanzo seli zote zimewekewa alama ya kufungwa, ila alama hiyo haifanyi kazi mpaka laha yenyewe, yaani ukurasa mzima wa jedwali, ilindwe. Kwa hiyo anza kwa kuziondolea alama hiyo seli za kuandikia, ukizichagua na kubonyeza Ctrl na 1 ili kufungua dirisha la mpangilio wa seli lenye alama hiyo, ndipo uilinde laha. Ukigeuza utaratibu huo, mtunza ghala hataweza kuandika hata herufi moja. Nami nashauri nywila iandikwe mahali salama, maana kiolezo ni mali ya kikundi, si ya katibu peke yake.

Kasoro ninayoiona ni moja, na si ya Calc pekee. Ukisahihisha fomula ndani ya kiolezo, mafaili yaliyokwisha kuzaliwa kutoka kwake hayabadiliki. Yanabaki na kosa lile lile. Ndiyo maana kwenye seli ya A1 nimeandika tarehe ya toleo la kiolezo, na kila ninapokirekebisha ninaibadilisha, ili mweka hazina akifungua faili la mwezi wowote ajue mara moja limetoka kwenye toleo lipi na kama linahitaji kusahihishwa kwa mkono.