Kadi za Nahau za Kikantoni Kuhusu Umaarufu: Matamshi Safi, Maelezo Pungufu

Kadi hizi za kujifunzia, zinazouzwa pamoja na rekodi za sauti, zimekusanya nahau zinazohusu umaarufu, heshima na fedheha za Kikantoni, lugha ya Kichina isemwayo Hong Kong na Guangzhou, kusini mwa China. Kila nahau imeandikwa kwa herufi za Kichina na kwa Jyutping, mfumo wa herufi za Kilatini uliotungwa Hong Kong mwaka 1993, ambao huonyesha kwa tarakimu toni sita za lugha hiyo, yaani mipando na mishuko ya sauti inayobadili maana ya neno. Sauti zimerekodiwa polepole, kisha kwa kasi ya mazungumzo, na katika jambo hilo sina lawama.

Uteuzi nao ni mzuri. Ipo syu6 daai6 ziu1 fung1, mti mkubwa huita upepo, ambayo mzee wa kwetu angeijibu kwa kusema kwamba mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Ipo gam1 cat1 ziu1 paai4, kibao kilichonakshiwa kwa rangi ya dhahabu, isemwayo kuhusu jina jema la duka au mkahawa. Iliyonifurahisha zaidi ni hung4 dou3 faat3 zi2, kuwa mwekundu hadi kugeuka zambarau, anayoambiwa msanii aliyevuma kupita kiasi, kwa kuwa wekundu huko ni rangi ya heri na mafanikio.

Tatizo ni kwamba kadi hazielezi nani aweza kumwambia nani maneno hayo, ilhali katika masuala ya sifa hilo ndilo lenye uzito. Bok3 ceot1 wai2 imefasiriwa kuwa ni kujitahidi kung'ara, kana kwamba ni pongezi, wakati wenyewe huitumia kumkejeli mtu anayetafuta kuonekana kwa kila hila. Ming4 bat1 heoi1 cyun4, yaani sifa zake si za uongo, humpendeza mpishi akiambiwa na mgeni wake, lakini akijisemea mwenyewe huwa ni majivuno. Tena ile isemayo kwamba mtu huogopa umaarufu kama nguruwe aogopavyo kunenepa imewekwa bila tahadhari yoyote. Sidhani kama mwenyeji aliyekualika mezani angefurahia kuisikia ikielekezwa kwake.

Mwanafunzi mwenye rafiki au mwalimu Mkantoni wa kumuuliza atanufaika nazo sana. Mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou na kujifunza peke yake namshauri anunue rekodi za sauti tu, ambazo huuzwa pia bila kadi.