Tiketi ya Dubai kwenda Guangzhou: ipi ya kununua kwanza

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo na Eastleigh wakimaliza shughuli zao Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, huendelea na safari hadi Guangzhou kufuata mzigo. Kati ya miji hiyo ni takriban kilomita 5,830 angani. Ndege isiyotua njiani huchukua kama saa 7 kwenda na saa 8 au zaidi kidogo kurudi, maana huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi.

Saa za kwenye tiketi huchanganya watu. Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa 4. Ukiona unaondoka 10:30 na kufika 21:45, toa hizo 4: utakaa angani saa 7 na robo. Wakati wa kurudi, ziongeze.

1. Ndege ya moja kwa moja. Emirates na China Southern zote hupita njia hii. Bei iko juu, lakini mimi bado naiweka ya kwanza bila kusita. Anayekwenda kununua mali ana siku chache, na siku moja inayopotea njiani ni siku ya kuzunguka soko la mabegi la Baiyun au kukagua sampuli kiwandani. Kata mapema kama safari yako inaangukia Aprili au Oktoba, kwani Maonyesho ya Canton, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, hujaza ndege na hoteli.

2. Kupitia Hong Kong. Ni kilomita 5,920 hivi, karibu muda uleule wa angani. Kutoka uwanjani unakwenda kituo cha West Kowloon, unagongewa muhuri wa kutoka Hong Kong na wa kuingia China bara humohumo kituoni, kisha treni ya mwendokasi inakufikisha Guangzhou Kusini kwa takriban saa moja. Nzuri sana kwa mwenye kazi pia Shenzhen, mji ulio njiani. Ila shika hili: Hong Kong ina uhamiaji wake. Mwenye viza ya China ya kuingia mara moja akitoka Guangzhou kwenda Hong Kong, viza imekwisha, hata kama siku zake zimebaki.

3. Kuunganisha Bangkok. Dubai hadi Bangkok ni saa 6 hivi, halafu karibu 3 hadi Guangzhou, bado hujahesabu kusubiri. Inafaa kama umeokoa pesa ya kueleweka na vipande vyote viko kwenye tiketi moja.

4. Tiketi mbili tofauti. Hii naiweka mwisho, hata bei yake ikiwa ya chini kuliko zote. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri, na mara nyingi huna wa kumdai. Begi huenda ukalazimika kulichukua na kulikabidhi upya, na kulifuata ni kuvuka uhamiaji, hivyo unaweza kuhitaji viza ya nchi unayopita tu. Tena kila shirika lina kipimo chake cha kilo. Lenye kipimo kidogo ndilo litakalokutoza.

Kwa safari yoyote ya kuunganisha, soma lebo ya begi pale kaunta kabla halijaondoka kwenye mkanda. Mwisho wa safari uandikwe CAN, ndiyo alama ya uwanja wa Guangzhou. Ukiona alama ya mji wa katikati, uliza hapohapo.