Historia ya Wenyeji wa Asili wa Kanada: Ufundishe kwa Mzee au kwa Nyaraka?
Kwa gharama, nyaraka zinashinda: ukishazichapa, umemaliza. Mzee wa jamii anayekuja kusimulia anahitaji posho na nauli kila kipindi, na akiugua, darasa limelala. Kwenye kuaminika ndiko kwenye mjadala. Mikataba kati ya serikali na wenyeji iliandikwa kwa kalamu ya serikali. Mzee hubeba ahadi zilizotamkwa, zisizoandikwa. Mwaka 1997, katika kesi ya Delgamuukw, ya wenyeji kudai ardhi yao, Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubali simulizi kuwa ushahidi. Lakini tarehe na orodha za watoto waliopelekwa shule za bweni za kuwaachisha mila zao, hayo utayakuta kwenye faili (yale yaliyosalia). Matunzo? Faili halichoki; simulizi ina wenyewe, uombe ruhusa. Darasa la wanajamii wenyewe, anza na mzee. Darasa la jioni la watu wa nje ya jamii, waliotoka kazini, weka kwanza mkataba mmoja mezani.