Springfield ya 1861 au Enfield ya 1853: bunduki ipi kwa maigizo ya vita vya 1861–1865?

Anayeanza kuigiza askari wa miguu wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani hununua nakala ya mojawapo kati ya hizi mbili.

Enfield ilitoka Uingereza na ilinunuliwa na pande zote mbili, kwa hiyo ukicheza Kaskazini leo na Kusini kesho, hakuna atakayekukosoa. Springfield ni silaha ya Kaskazini hasa. Kusini waliitumia pia, nyingi zikiwa za kuteka.

Tofauti inayoumiza zaidi ni usafi. Mtutu wa Springfield ni chuma cheupe kinachong'aa: alama ya kidole tu huanzisha kutu, basi beba kitambaa chenye mafuta. Wa Enfield umetiwa rangi ya bluu, huvumilia zaidi. Lakini pete za Enfield, zinazofunga mtutu kwenye ubao wa bunduki, hukazwa kwa skrubu, na zikilegea huteleza. Za Springfield hushikwa na springi, unabonyeza na kuvua. Kwa anayesafisha kila jioni, hilo ni jambo kubwa.

Ndani, zote huoshwa kwa maji ya moto na sabuni siku ileile, kwani masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu. Fataki (kifuniko kidogo cha kuwashia baruti) ikilia bila baruti kuwaka, mara nyingi chuchu, yaani kijibomba kinachovalishwa fataki, imeziba: izibue kwa sindano.

Uwanjani ni baruti tu, gramu 4 hivi, bila risasi, na mdeki (fimbo ya kushindilia baruti mtutuni) hauchomolewi, usije ukasahaulika mtutuni ukaruka kama mkuki.

Kwa mgeni, tunapendekeza Enfield.