Rafu za Gereji Kisumu: Chuma cha Jua Kali au Mbao?

Kwa bei, mbao hushinda mapema. Mbao za saiprasi za inchi mbili kwa nne, misumari na msumeno vinatosha, na mwakani ukitaka rafu nyingine unaipigilia mwenyewe. Chuma cha pembe (chenye umbo la L) kutoka kwa mafundi wa jua kali wa soko la Kibuye hugharimu zaidi: unalipia chuma, kuchomelea, rangi na mkokoteni wa kufikisha mzigo nyumbani.

Kwa uzito mambo hugeuka. Giaboksi au injini ya boti ikikaa katikati ya ubao mrefu, ubao hupinda polepole. Usipitishe futi tatu bila nguzo. Chuma huvumilia, mradi fundi achomelee kiungo kizima, si kudonoadonoa nukta hapa na pale. Na rafu yoyote ile, tafadhali, ifunge ukutani. Watoto hupanda.

Matunzo? Mchwa huanzia chini, kwa hiyo inua miguu ya mbao juu ya matofali. Chuma kinataka rangi ya kuzuia kutu, hasa kwenye maungio.

Mpangaji anayehamahama ningemwelekeza kwenye mbao zilizofungwa kwa bolti. Mwenye kwake na vipuri vizito, chuma. Fremu ya chuma yenye mbao juu yake pia inafaa sana.