Mnemba: matumbawe ya kupendeza, nanga ya kuniliza

Nimeanza kuandika maoni haya ya safari ya Mnemba, kisiwa kidogo kaskazini mashariki mwa Unguja, mara tatu na mara zote nikafuta, kwa sababu hasira ilikuwa ikinitangulia. Leo sifuti.

Tulipanda jahazi Nungwi, mimi na mama yangu mzazi, siku ambazo kaskazi ilikuwa inaelekea ukingoni. Bei, saa za kuondoka na chakula mtaambiwa na yeyote anayeuza safari hizi ufukweni. Mimi nataka kuzungumzia nanga.

Tulipofika Mnemba, boti zilikuwa zimesongamana kama daladala za Kariakoo jioni. Maji yalikuwa meupe, mwamba unauona ukiwa umekaa chomboni. Hatua chache mbele yetu palikuwa na boya la kufungia vyombo, na boya lenyewe halikuwa limefungwa chombo. Nahodha akalipita. Baharia akasimama omoni, akainua nanga, ile ya makucha manne, akaitupa. Niliisikia ikigonga, na haukuwa mlio wa mchanga.

Nilikuwa nimeshavaa miwani. Nikajitosa bila kumngoja mtu, nikaikuta imelala katikati ya matumbawe yale yenye matawi kama pembe, na tawi moja limekatika, ndani jeupe pe. Samaki wadogo wa buluu waliokuwa wakijificha mle walikuwa wanazunguka juu ya chuma, hawajui waingie wapi.

Nikarudi juu nikamwambia nahodha kwa adabu: "Kaka, nanga imeangukia matumbawe. Boya si lile pale?"

Hakunitazama. "Dada, hayo mawe tu. Wewe mtu wa Bara, bahari utaijulia wapi?"

Mawe! Najua neno hilo limetoka wapi. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa yake imechomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Lakini lile la baharini lina uhai. Kila kitundu unachokiona kina kijinyama laini, na ndani ya kijinyama hicho mna mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao ndio unaokilisha na kukipa rangi. Bahari ikipata joto kupita kiasi, mwani unatoka, tumbawe linabaki jeupe lenye njaa, na joto lisipopungua linakufa. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, matumbawe mengi ya upande wetu huu wa Bahari ya Hindi yalikufa hivyo. Mwaka 2016 joto likarudi, na 2024 wanasayansi wakatangaza kwamba matumbawe yanapauka dunia nzima kwa mara nyingine. Yale ya mviringo hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Likikufika magotini, huenda limekuzidi umri. Kitu kimevuka mitihani yote hiyo, halafu kinakuja kuvunjwa na mtu mwenye boya mbele ya macho yake!

Na ada ya hifadhi tumelipa, kila mmoja wetu. Eneo la Mnemba lilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2002. Siku ile sikuona mtu akimuuliza nahodha yeyote lolote. Boti ya pili yetu walikuwa wanawatupia samaki vipande vya boflo, na mgeni mmoja amesimama juu ya mwamba na mapezi yake ili apigwe picha. Nilishawahi kwenda kisiwa cha Chumbe, hapo hapo Unguja. Kule hairuhusiwi kuvua wala kutia nanga kwenye mwamba wa hifadhi, na waliofunzwa ulinzi walikuwa wavuvi. Kwa hiyo nisiambiwe haiwezekani.

Aliyemjibu nahodha ni mama. Aliita tu, "Mwanangu," yule bwana akageuka. "Mimi mzaliwa wa Mkokotoni, Unguja hii hii. Nimechokoa pweza kwenye mawe hayo kabla wewe hujazaliwa. Jiwe likivunjwa, pweza huhama." Nahodha akanyamaza. Lakini nanga hakuitoa, na pole hakuisema.

Hapo nilikuwa tayari kuwaambia msiende kabisa. Kilichonizuia ni jambo lililofuata. Mama alikuwa hajawahi hata siku moja kutia uso majini akafumbua macho. Mwamba aliujua kwa nyayo, bamvua linapokupwa, ana mchokoo mkononi. Yule baharia, kijana yule yule aliyetupa nanga, akamfunga jaketi la kuokolea juu ya dera lake, akamvalisha miwani, akateremka naye ngazi polepole, mkono hauachi. Akamzungusha upande wa pili, kwenye matumbawe mazima. Nikawaona wamesimama kimya, wanaelea, kijana ananyoosha kidole. Alikuwa kasa, anakula bila kujali watu.

Mama alipoinua uso alikuwa analia. "Kumbe yana rangi! Miaka yote ile mimi niliyaona ya kahawia."

Kwa hilo peke yake nilitaka kutoa nyota zote. Miaka yote hiyo mtu anakanyaga juu ya kitu, anakula kutoka humo, halafu siku moja anakiona. Pweza wa nazi tuliopewa mchana nao walikuwa watamu, hilo nalo nalitaja.

Kisha wakang'oa nanga. Ikapanda na kipande cha tumbawe kimenasa kwenye makucha, kikubwa kama kiganja. Nahodha akakipiga teke kikarudi majini, akawasha mashine. Nyota zote zikanitoka.

Tulipokuwa tunashuka Nungwi, kijana akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Dada, mimi naamrishwa. Ila yule mama leo kanifunza." Sikujua nimjibu nini, nikampa mkono.

Ukienda, kabla ya kutoa hela muulize nahodha chombo atakifunga wapi. Akikwambia atatia nanga kwenye mwamba, tafuta mwingine, vyombo viko vingi. Mama kila Ijumaa ananiuliza tutarudi lini. Tutarudi, ila si kwa jahazi lile. Naweka nyota mbili: moja ya kasa, moja ya yule kijana. Nahodha simpi kitu.