FuelHawk kwa wanaorusha 172: nunueni, ila mtengeneze jedwali lenu

Wenzangu mnaokodi ndege ndogo ya Cessna 172 pale uwanja wa Wilson, Nairobi, hii FuelHawk ya kupimia mafuta ni mrija tu wa plastiki unaoonyesha ndani, una namba ubavuni. Unautumbukiza kwenye tangi mpaka uguse chini, unaziba juu na kidole alafu unauchomoa, mafuta yanabaki humo kama soda kwenye mrija na unasoma yamefika wapi. Haina betri, haina waya, na ndo maana naipenda.

Geji za mafuta za ndani ya ndege mimi siziamini kabisa, zinachezacheza hata ndege imesimama, na kama aliyerusha kabla yako hakujaza full hujui umeachiwa nini. Chukua safari ya Lamu, Wilson mpaka Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, ni kama kilomita 470, 172 inaenda kama 200 kwa saa. 172N yenye tangi za kawaida inabeba galoni 43, unazoweza kutumia ni 40, na injini inakula 8 mpaka 9 kwa saa ukiipunguzia mafuta vizuri ukiwa juu. Piga hesabu ya kwenda na kurudi bila kuongeza Avgas, yaani mafuta ya ndege hizi: ikila 9 injini inakuzimikia Ukambani huko, na hata ikila 8 unafika ila ile akiba ya dakika 30 haitimii!! Sasa fikiria ulitoka ukidhani iko full kumbe imepungua galoni 6.

NTSB, wachunguzi wa ajali wa Marekani, walisema 2017 kwamba ajali za ndege ndogo kwa sababu ya mambo ya mafuta zilikuwa zaidi ya 50 kwa mwaka kwa wastani, na karibu zote mkono wa binadamu umo. Inauma sana maana hiki ni kitu unapima kabla hujapanda.

Sasa sikieni vizuri hapa, namba za ile FuelHawk inayouzwa kwa ndege za aina yoyote SI galoni wala lita, ndo maana unahitaji jedwali lako. Mwambieni fundi amwage tangi mpaka yabaki yale yasiyotumika, ndege iwe sehemu tambarare, mmimine lita 20 mnapima kwa mrija mnaandika namba, lita 20 tena mnaandika, mpaka ijae, alafu tangi la pili hivyo hivyo. Selekta, ile swichi ya kuchagua tangi, isikae BOTH (yote mawili), la sivyo mafuta yanahamia upande wa pili na jedwali lote linakuwa uongo. Ni kazi ya asubuhi nzima lakini inafanyika mara moja tu. Na kwa vile bawa limeinuka kuelekea nje, mafuta yakiwa kidogo yanakimbilia ndani na mrija unaweza kutoka mkavu wakati bado yapo, mimi nikiona mkavu nahesabu sifuri na naita gari la mafuta.

Kifaa nakipa 5 kwa 5. Kuna na za 172 zenye galoni tayari, ila angalieni ukubwa wa tangi kabla ya kuagiza, 172S ina galoni 53 za kutumika na mrija wa tangi dogo hautakupa namba ya kweli.